Ulimi wa Dolca na Mkono wa Baba

Poiana Merilor,
Jumatano, tarehe 19 Agosti.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu karatasi hizi zikukute umeamka salama, goti lako limetulia, na yule bibi unayemtunza ameacha kukupigia kengele kila anapokumbuka chai. Mimi mwili wangu mzima. Kondoo hawajambo, nyumba haijambo, paa la ghala Mjomba Nechita ameliziba, ingawa amelipiga misumari kana kwamba lilimtukana. Baba bado yuko hospitali, lakini sasa anakaa kitandani mwenyewe na anailalamikia supu, na wauguzi wanasema mgonjwa akianza kulalamikia supu amepona nusu.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu tunayo. Mama, kwenye simu wewe huniwahi. Nikisema haloo tu, umeshamhukumu Baba na kumfunga, na mimi napata pa kujificha nyuma ya hasira yako. Kwa hiyo nimeandika. Nitaifunga barua hii ndani ya kifurushi pamoja na jibini mbili, na dereva wa kibasi cha Italia nitamwambia ni maelekezo ya dawa, asije akaitumia kuwashia sigara.

Mjomba ameniambia uliyoyasema Jumapili ya kwanza ya mwezi huu. Kwamba husemi tena na mwanamume aliyesomewa maneno ya daktari kisha akaenda kumpa mbwa mkono wake, kana kwamba anakutakia ujane. Kwamba bibi huyo akifariki utatafuta bibi mwingine hukohuko, na majira ya baridi tusikutazamie, wala mwaka kesho. Miaka thelathini na moja ya ndoa, Mama. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani tangu asubuhi na maziwa ya jana bado sijayashughulikia. Nataka ujue ilivyokuwa, yote, halafu ukitaka kukasirika ujue unamkasirikia nani.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ile ya sikukuu ya Mtakatifu Eliya. Mjomba alikuwa amepanda zizini kwetu mlimani na mkate, chumvi na maneno yake. Baba alikuwa amemlaza kondoo dume mwenye pembe moja, anampunguza kwato. Mimi nilikuwa kwenye sufuria kubwa, jibini nimeshaitoa, maji yake bado ya vuguvugu. Kondoo akarusha mguu, kisu kikamwingia Baba chini ya dole gumba la kushoto. Kidonda chenyewe cha kuchekesha. Mtoto wa shule angeutia mkono mfukoni akaendelea kucheza.

Mjomba alitoa chupa yake ya gongo ya plamu akasema imwagwe hapo hapo. Baba akamjibu kwamba gongo imeumbwa kwa ajili ya koo, na kwamba yeye ana daktari wake wa miguu minne. Akapiga mluzi. Dolca akatoka kwa watoto wake, kile kijiti ambacho watu wa msitu wametulazimisha tuwavike mbwa shingoni wasifukuze paa kikimgonga magoti, na Baba akaniagiza nimchotee maji ya jibini kwanza aoshe mdomo. Desturi yetu unaijua vizuri kuliko mimi. Kwanza maji ya jibini yenye joto, halafu kidonda, na mbwa awe anayenyonyesha, kwa sababu ulimi unaolamba wachanga hauwezi kubeba ubaya. Babu alifanya hivyo, na baba yake Babu, na wewe mwenyewe ulifanya ulipojikata kwa mundu mwaka niliozaliwa, na kovu lako hadi leo jembamba kama uzi.

Mjomba hakukubali kushindwa. Alisema yeye hawezi kumpa kidonda chake mnyama aliyetoka kujilamba matako sasa hivi. Baba akacheka, akamwambia, "Shemeji, Pasaka umebusu mashavu ya kijiji kizima, na hayo meno yako mawili yaliyobaki yananuka mpaka farasi anageuza uso. Heri Dolca." Mjomba akasema angalau yeye hali mizoga. Baba akamuuliza ana hakika gani, maana yeye alikula chakula cha mkewe mwezi uliopita na hakuona tofauti. Ilarie, yule mchungaji tuliyemwajiri msimu huu, alicheka hadi akakaa chini. Na mimi nilicheka, Mama. Nilikuwa nimeshika upawa, mbwa anakunywa, nacheka. Dolca alipomaliza akaulamba mkono wa Baba taratibu, mpaka damu ikakoma na ngozi ikawa nyeupe. Baba akaunyanyua akamwonyesha Mjomba, kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumatano alikamua akiwa na koti la ngozi mgongoni, na jua la Julai linachoma. Nilimuuliza, akasema amelala vibaya. Mchana aliukataa ugali, hata ule wa jibini katikati anaougombania na Ilarie kila siku. Nilimshika paji la uso, likanichoma kiganja. Akanifukuza, akasema ni jua tu, na kwamba wanawake wakikosa kazi huwapima watu joto.

Alhamisi asubuhi nilimkuta nyuma ya kibanda amepiga magoti, anatapika maji matupu, meno yanagongana hata maneno hayasikiki. Nikamgeuza uso. Pua yake ilikuwa na madoa ya rangi ya zambarau, na masikio pia, na nilipompandisha suruali nikaona yametapakaa miguuni kama mtu aliyepita ndani ya vichaka vya matunda. Kidonda cha mkononi kilikuwa safi kabisa. Kimefunga. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko madoa.

Tulimpandisha kwenye farasi, mimi nyuma yake nimemkumbatia kiunoni, Ilarie mbele anaongoza. Saa tatu za kuteremka. Kwenye lile jiwe ambapo simu hushika nilimpigia Mjomba aje na gari mpaka darajani. Baba alikuwa anaongea na marehemu Babu, anamwambia kondoo wamevuka mto bila ruhusa. Kila alipoinama mbele nilidhani ndiyo basi. Dolca alitufuata, chuchu zimejaa, kijiti kinagonga mawe, na nilimtupia jiwe arudi kwa watoto wake. Sijawahi kumtupia mbwa wetu jiwe. Alisimama akanitazama, hakukimbia, na sisi tukaendelea kushuka.

Hospitalini alitupokea daktari mwanamke, Daktari Melinte, umri wake kama wangu, nywele amezifunga kwa kipande cha bendeji. Alimvua Baba shati, akaliona lile kovu refu la tumboni, akauliza ni la nini. Nikamweleza kwamba masika ya mwaka juzi gogo lilimbana msituni na madaktari wakamtoa bandama. Hapo uso wake ukabadilika. Akaita watu wawili kwa majina, wakaja wanakimbia, na yeye akiwa bado anamtafuta Baba mshipa akauliza bila kunitazama kama mgonjwa ameng'atwa na mbwa. Mjomba alirukia kabla yangu, akasema mbwa wetu hawang'ati mwenye mali. Daktari akaniuliza mimi. Nikasema hapana, hajang'atwa.

Nilisema kweli, si ndiyo? Hajang'atwa.

Wakatutoa nje. Nilikaa kwenye benchi karibu na Mjomba, ambaye alikuwa anajipigia ishara ya msalaba kwa mkono mmoja na kutafuna mbegu za alizeti kwa mwingine, na maganda anayaweka mfukoni kwa heshima ya hospitali. Nilijiambia madaktari wana mashine, wataona wenyewe. Nilijiambia huenda ni kitu kingine. Muuguzi alipita anakimbia na mfuko wa damu, nikajua unaenda kwa nani. Dakika arobaini, Mama. Nilizitazama zikipita kwenye saa ya ukutani, moja moja, na nilikuwa na kinywa kizima na ulimi ndani yake.

Halafu niliinuka nikagonga mlango ule kwa ngumi mpaka muuguzi akatishia kuita askari. Nilimpigia Daktari kelele juu ya bega la muuguzi kwamba hakung'atwa, alilambwa, kwenye kidonda, siku tatu zilizopita. Alimgeukia mwenzake akamtajia dawa, na nikaona wanatungua mfuko mmoja wa dripu na kutundika mwingine.

Jioni alitoka kutuona, macho mekundu. Mjomba, ambaye hata mbele ya jeneza atabishana, alimwambia kwamba lakini Daktari, mdomo wa mbwa ni safi kuliko wa binadamu, jambo hilo linajulikana. Daktari Melinte akamuuliza, "Nani kakwambia? Mbwa?" Kisha akakaa nasi kwenye benchi, nadhani kwa sababu miguu ilikuwa imemchoka, akatueleza bila dharau. Alisema hakuna mdomo msafi, wala wa mbwa wala wa mtu. Kila mmoja una wadudu wake, na swali la nani msafi kuliko nani ni la watu wa kilabuni. Mbwa ana mdudu mmoja ambaye kwake hana madhara yoyote, na kwa mtu mwenye afya karibu hana madhara. Lakini bandama ndiyo inayowakamata wadudu wa namna hiyo kwenye damu. Asiye na bandama ni kama zizi lisilo na mbwa, alisema, na nilitamani achague mfano mwingine.

Mjomba aliuliza maji ya jibini je. Daktari akasema maji ya jibini wapewe nguruwe.

Kisha akauliza kama mwaka ule walipomtoa Baba bandama hatukupewa karatasi ya maelekezo. Nikasema tulipewa. Akauliza kama ilisomwa. Nikasema niliisoma mimi, kwa mdomo wangu. Akatikisa kichwa, akasema, "Hawa wanaume wa mlimani!" na akarudi ndani. Kutoka hapo maneno yalisafiri yenyewe. Mjomba aliyachukua akakupigia, nawe ukasikia kwamba karatasi ilisema wazi juu ya mbwa, kwamba mwanao Saveta aliisoma, na kwamba mumeo Toader hakujali.

Siku tisa alilala hajitambui. Vidole vya mkono wa kushoto vilianza kuwa vyeusi kutoka ncha, halafu vya miguu. Padri alikuja akampaka mafuta. Siku ya nne ndiyo ile niliyokupigia ukalia, ukaniambia watoto wa huyo bibi wamekwenda pwani na hawapokei simu na huwezi kumwacha peke yake, na ukaniomba nimshikie mkono kwa niaba yako. Nilimshika ule wa kulia. Walimkata vidole vitatu, na vingine viwili vya mguuni, na Daktari akasema tumshukuru Mungu na ule mlango niliougonga. Watu walinisifu hapo hospitalini. Mke wa Mjomba alileta keki akasema binti kama mimi ni baraka. Niliila, Mama. Sijui niliimezaje.

Juu zizini nako kulikuwa na vita vyake. Mjomba alipanda na kamba, amekula kiapo kumnyonga Dolca mtini. Ilarie, ambaye tangu Mei hajawahi kusema sentensi mbili mfululizo, alisimama mlangoni mwa zizi na fimbo yake akamuuliza, "Ukishamwua, dubu akija utamfukuza wewe, kwa kofia yako?" Mjomba akasema huyo mbwa ana sumu. Ilarie akamwambia sumu iko kwa wote tangu Adamu, na huyu hakuja mwenyewe, aliitwa kwa mluzi. Dolca yupo. Watoto wake watano wananenepa. Nikimmwagia maji ya jibini hunitazama usoni kama zamani, na mimi ndiye ninayetazama pembeni.

Sasa nafika penyewe.

Baba alipozinduka na akili kumrudia, Mjomba hakumpa hata siku moja ya kupumua. Alimwambia yote, pamoja na kiapo chako. Nilipoingia wodini Baba alikuwa analia, na unajua mwenyewe kwamba Baba hakulia hata siku ya kumzika Babu. Alinishika mkono kwa ule wake uliofungwa bendeji akaniomba msamaha. Alisema, "Ulinisomea, mwanangu, nami nimesahau. Kichwa changu kinavuja kama ndoo kuukuu. Mamako ana haki." Alisema amejaribu kukumbuka siku ile tuliyotoka hospitali, anaikumbuka sauti yangu ikisoma, anakumbuka habari ya chanjo na habari ya kutobeba magogo, lakini ya mbwa haikumbuki hata akijipiga kichwani. Alinisihi nisimwambie mtu kwamba akili zake zinapotea.

Hazipotei, Mama. Hakuikumbuka kwa sababu sikuisoma.

Tulikuwa ndani ya basi tunarudi nyumbani, mimi na yeye. Wewe ulikuwa na miezi minne tu huko Italia. Maandishi yalikuwa madogo, miwani yake ilivunjika siku ya gogo, kwa hiyo nilimsomea mimi. Mstari wa sita ulisema mgonjwa ajihadhari sana na kung'atwa, kukwaruzwa au kulambwa na mbwa, hasa penye kidonda, na likitokea afike hospitali siku hiyohiyo. Niliuona. Niliusoma kimoyomoyo mara mbili. Na asubuhi yake wewe ulikuwa umeniambia kwenye simu kwamba kama karatasi ina neno lolote la kumzuia Baba na maisha ya zizini, unapanda basi unarudi, tunauza kondoo wote, basi. Nilitoka kwenye mstari wa tano nikaenda wa saba. Sauti yangu haikubadilika hata kidogo. Jioni ulipopiga nikakuambia nimemsomea yote na hakuna la kumkataza mlima.

Unaweza kudhani nilifanya kwa ajili ya mshahara wako, au kwa kumhurumia Baba asikae kijijini kama kuku mgonjwa. Ningependa udhani hivyo. Lakini nimeamua kusema kweli, na kweli ni kwamba nilitaka zizi liwe langu. Masika ile ndiyo kwanza nilikuwa nimeshika upawa peke yangu, bila wewe kunisimamia kusema chumvi imezidi, moto umezidi, kitambaa hakijakazwa. Jibini ya kwanza ya mikono yangu ilikuwa rafuni. Nilifurahi kwamba umekwenda. Nilikukumbuka mpaka nikalia kwenye shuka lako, na nilifurahi. Sikutaka urudi uninyang'anye upawa, wala kondoo wauzwe. Kwa hiyo nikauruka mstari mmoja, nikaikunja karatasi nikaiweka nyuma ya picha ya Mtakatifu Nikolai.

Na ile Jumatatu, Mama, nilikumbuka. Sitaki ujidanganye kwamba niliusahau. Baba alipopiga mluzi, mstari ule ulinijia mzima, neno kwa neno. Nilikuwa na muda wa kutosha. Ningesema tu, "Baba, acha, Daktari alikataza," na angeniuliza alikataza lini, na ningelazimika kujibu. Badala yake nilichota maji ya jibini. Nilimmwagia mbwa, nikajiambia labda desturi ya Babu inatosha. Nikacheka pamoja na wengine.

Wiki iliyopita nilimuuliza Daktari Melinte kama Baba sasa auze kondoo. Akanishangaa. Alisema mchungaji ataachanaje na mbwa, na dubu wapo? Akipata jeraha alioshe kwa sabuni, alifunge, asilambwe, apate chanjo zake, na akiwa na wasiwasi ateremke upesi. Ndiyo yote. Mstari ule haukukataza mlima wala zizi. Ningeusoma, tungebishana kidogo, Baba angenuna wiki moja, na leo angekuwa na vidole kumi. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikacheka vibaya, mpaka mwanamke mmoja akanipa maji.

Siku kumi na moja nimemwacha aamini kwamba amesahau. Nilimwona akijijaribu kwa siri, anataja majina ya mbwa wote aliowahi kufuga, moja baada ya jingine, kuhakikisha kama kichwa bado kinafanya kazi. Jana sikuweza tena. Nilichukua karatasi nyuma ya Mtakatifu Nikolai, nikaenda nayo wodini, nikamwambia Baba nitakusomea tena, sikiliza. Nikasoma wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilipofika wa sita niliusoma polepole.

Akaniambia rudia. Nikarudia. Akauliza kama siku ile kwenye basi niliuona. Nikasema niliuona. Akauliza kama siku ya kondoo dume, nilipokuwa na upawa, nilikuwa nimesahau. Nikasema sikusahau, Baba. Akageukia ukutani.

Nilikaa. Waliileta supu, hakuilalamikia, hakuigusa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza redio na aliizima. Nilidhani ataniambia niondoke zizini nisirudi tena, na nilikuwa nimeshajiandaa kukubali. Mwishowe aliniuliza, bado anatazama ukuta, nani anakamua. Nikasema Ilarie na mke wa Mjomba. Akasema huyo mwanamke anawakamua kana kwamba anakamua nguo. Kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini lile wingu la kujishuku lilikuwa limemtoka, na hilo peke yake lingetosha kunifanya nijutie kila siku niliyochelewa.

Hakunambia amenisamehe. Sitakudanganya kwamba alisema. Alisema kwamba vidole ni vyake na ataamua mwenyewe lini hasira imwishe, nisimharakishe. Halafu akasema jambo moja tu, kwa ukali, akininyooshea ule mkono wenye vidole viwili: "Mamako asijue. Unanisikia? Mimi ameshanizoea. Ananikasirikia tangu wiki ya harusi na bado ananitumia soksi. Wewe hajawahi kukukasirikia hivi, hamtajua pa kuanzia. Mwambie nilisahau, basi, yaishe."

Nilimjibu sawa, Baba. Nikatoka, nikarudi nyumbani, nikalala, nikaamka, nikachukua kalamu.

Msalimie bibi, na yule dada wa Suceava mnayekaa naye bustanini siku za Alhamisi. Jibini ndogo ni yako, kubwa mgawane. Mjomba na mke wake wanakusalimu sana. Ilarie naye anakusalimu, ingawa hajakuona; aliposhuka na maziwa leo akasikia naandika, alisema tu, "Na mimi." Mungu akulinde na ngazi za nyumba hiyo.

Simu ya wodini hupokelewa asubuhi kabla ya madaktari kupita. Ukimpigia atakuambia alisahau. Atakuapia. Mwache aseme mpaka mwisho, usimkatize, halafu mwambie kwamba unajua.

Ni mimi mwanao,
Saveta